Asali na Ndevu za Teudebert

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka, na asubuhi ya leo tumebatiza Teudebert wawili kwa maji ya birika moja. Wawili! Bado nacheka. Mama mkuu wa nyumba ya watawa anatakiwa awe na uso wa kicho siku kama ya leo, lakini uso wangu haujawahi kunitii.

Kaka yangu Teudebert, bwana wa Walmar, alivuka milima mwaka jana na jeshi la mfalme. Katikati ya Kwaresima akaja askari na mkanda wa kaka. Teudebert kafa kwa homa, akasema, na huu ndio mkanda aliokufa nao. Nililia hadi sauti ikanikauka. Basi jina likabaki wazi. Na Walmar haijapata kuwa na bwana wa jina jingine: baba yetu Teudebert, babu Teudebert, na yule aliyelala chini ya kizingiti cha kanisa, ambaye mfalme Teudebert alimdaka mwenyewe kwenye maji ya ubatizo na kumpa jina lake. Hivyo alisema babu. Babu alisema mengi.

Mwenye jina ndiye mwenye Walmar, na hulipokea aliyelitangulia akiisha kuzikwa. Kila mtu hapa analijua hilo, hata bata bukini wangu. Sasa wajukuu ni wawili. Mmoja ni wa Gundulf, mwana wa kaka aliyebaki hai. Wa pili ni wa Ermina, mjane wa Adalrik, mwana aliyekufa. Adalrik aliangukiwa na farasi kabla mtu yeyote hajajua kuna mimba, Ermina mwenyewe akiwemo. Gundulf ana mchezo wa kuihesabu ile miezi kwa sauti mbele ya wageni. Kisha anatabasamu. Mshenzi.

Gundulf alikuwa ametangaza kwamba mtoto wake ataitwa Gundoin. Nadhani alitaka kulichukua lile jina polepole, bila makelele. Mimi nikamnong'oneza Ermina kwenye foleni: tangulia, mwanangu, na jina uliseme kwa sauti. Akalisema. Padre Ursio akazamisha — Teudebert! Uso wa Gundulf ukaiva. Akampokonya mkewe mtoto, akafika pale mbele kwa hatua kubwa. "Na huyu pia Teudebert!"

Padre aliniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Jumatano, 15 Aprili

Vurugu tupu nyumbani kwa kaka. Nimekwenda kuazima sufuria nikakuta kijakazi kasimama uani anapiga yowe: Teudebert kajinyea! Wanawake wawili wakatoka milango miwili.

Mke wa Gundulf anasema Teudebert wa kweli ni yule aliyezaliwa na baba hai. Ermina alimgeuza wake akamwonyesha pua. Ni pua ya kaka yangu ile, jamani! Pua ya Walmar, ya kufungulia milango. Mtu anayehesabu miezi na ahesabu na pua.

Gundulf analala kwenye kitanda cha baba yake sasa. Na joho la kaka la manyoya kalitoa sadaka kwa maskini. Limeishia kwa yule ombaomba wa langoni kwangu, amekaa nalo kama askofu.

Ijumaa, 24 Aprili

Yu hai.

Mchuuzi wa chumvi kapita leo kutoka mji wa Metti. Kasema amemwona bwana Teudebert wa Walmar jikoni kwa askofu, anakula mikunga. Nikamwambia usinifanyie mzaha, mzee. Akaapa kwa chumvi yake. Kwamba jeshini walikuwapo Teudebert wanne, wote watu wazito, ukiita jina usiku wanageuka wote. Kaka yangu alipoteza mkanda kwenye kamari kwa mmoja wao, wa bonde jingine. Huyo akaufunga kiunoni, akapata homa, akafa nao. Waliomzika wakauona mkanda — Teudebert wa Walmar huyu! Wakauleta kwetu.

Nilicheka, nikalia, nikambusu mchuuzi kipajini. Watawa wote wakaja kutazama.

Halafu nikakumbuka birika la ubatizo. Nikaketi juu ya gunia la chumvi.

Maana kwetu jina la mtu hukaa kaburini na kumngoja mrithi. Ukimpa mtoto jina la mzee ambaye bado anapumua, umemwambia mbele ya watu: ondoka, tumekuchoka. Kule mtoni kuna mtu aliyemfukuza binti yake kwa kosa hilo. Na sisi tumelifanya mara mbili, siku ya Pasaka, kanisa likiwa limejaa!

Jumamosi, 25 Aprili

Gundulf si mjinga. Nilikuwa nikidhani ni mjinga, na hilo lilikuwa kosa langu.

Alipopata habari alihama kitanda cha baba yake kabla shuka hazijapoa. Akatuma watu langoni kwangu wamvue ombaomba joho. Ombaomba akagoma. Katu, alisema, hii ni sadaka kwa ajili ya roho ya marehemu, na marehemu mwenyewe akija tutaongea. Nikamletea kipande cha jibini kwa jibu hilo.

Lakini mchana Gundulf akaita watu wote uani, akasimama juu ya kigogo. Mwanawe anaitwa Gundoin, akasema. Siku zote ameitwa Gundoin. Nani alisikia jina jingine?

Watu wakaangalia viatu.

"Padre?" akauliza Gundulf.

Padre Ursio akakohoa. Akasema siku ile kulikuwa na kelele nyingi, maji yalimwingia masikioni. Nami nimeliona paja la nguruwe la kuvuta moshi likining'inia jikoni kwake, halikuwapo jana!

Kwa hiyo Teudebert mdogo amebaki mmoja. Wa Ermina. Hatia yote imemwangukia yeye na mtoto wake.

Jumatatu, 27 Aprili

Ermina kaja kwangu na mtoto mgongoni. Hakukaa.

"Shangazi, wewe ndiye uliyeniambia niseme."

"Mimi ndiye, mwanangu."

"Gundulf kaniambia nianze kufunga mizigo. Mimi nirudi kwa kaka zangu ng'ambo ya mto Reno. Mtoto hatoki. Atanyolewa utosi na kupelekwa kwa watawa wa kiume kule msituni. Kwa watawa, shangazi! Hata meno hajamaliza kuota!"

Nikamwambia hilo ni la baba mkwe kuamua, si la Gundulf. Akasema ndiyo, na baba mkwe atalisikia kutoka kwa nani kwanza?

Mimi, mwenye jibu la kila kitu! Nilimshika mtoto ili nijitie kazi. Ana miezi saba, mzito kama jiwe la kusagia, anacheka na kila mtu. Akanishika kitambaa cha kichwa akakivuta hadi kikanitoka. Watawa wakaona mvi zangu zote. Ana mkono wa kukaba, huyu.

Jumanne, 5 Mei

Kaka amefika.

Tulikuwa kanisani, tunaimba misa ya kumwombea marehemu Teudebert. Watu watauliza kwa nini tuliendelea wakati tunajua yu hai. Kwa sababu shamba la mizabibu lilikwisha kutolewa kwa misa hizo, na mimi si mtu wa kula zabibu za bure. Katikati ya wimbo nikasikia sauti nzito mlangoni.

"Imbeni vizuri basi! Kwani marehemu hamkumpenda?"

Dada Berta akazirai. Padre Ursio akapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto.

Amekonda. Amechomwa na jua. Ndevu zimefika kiunoni mahali ulipokuwa mkanda. Aliweka nadhiri kule milimani kwamba wembe hautazigusa mpaka arudi kwao. Nilimkimbilia nikamng'ang'ania shingoni kama mtoto, mama mkuu mzima. Alinuka farasi na vitunguu. Sijawahi kunusa kitu kizuri namna ile.

"Dada," akaniambia sikioni, "kuna ombaomba langoni kwako amevaa joho langu. Kaniambia niiombee roho ya mwenyewe. Nikampa sarafu."

Nimeamua leo nifurahi tu. Kesho ndiyo kesho.

Jumatano, 6 Mei

Gundulf hakungoja hata mchuzi uletwe.

Alianza kwa utamu. Baba, tulikulilia. Baba, kitanda chako tulikitunza. Kisha akashusha sauti, akajitia uchungu. Lakini kuna mtu, baba, aliyekuwa na haraka ya kukuzika. Mtoto wa yule mjane ameitwa jina lako ungali hai. Na huyo mtoto — hapa akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Wa kwako anaitwaje?" akauliza kaka.

"Gundoin, baba."

"Padre?"

Padre Ursio akasema Gundoin, bila shaka, na kipande cha mkate kikamkwama kooni. Hakika Mungu yupo.

Nikasimama. Nikasema waliobatizwa Teudebert walikuwa wawili, na mkanda ulituambia umekufa, na mimi ndiye niliyemshauri Ermina, unikasirikie mimi. Kaka hakuniangalia. Alikuwa anautazama mkanda wake mezani. Nadhani aliona kitu ambacho sisi hatukukiona: kwamba alikufa kabisa, akaliliwa na nani, mali yake ikagawanywa na nani, na kwa haraka gani. Hilo linauma. Linamuuma hata mtu mwenye roho ngumu kama yeye.

"Walmar ina Teudebert mmoja," akasema mwishowe. "Siku ya Kupaa kwa Bwana leteni mkasi mbele ya watu wote. Mtoto atakwenda kwa watawa. Mama yake ataondoka na heshima zake na ng'ombe wake."

"Kaka, hata hujamwona."

"Sitaki kumwona."

Ermina alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno. Aliondoka kimyakimya na nikaona mgongo wake tu, na mkono mnene wa mtoto ukinipungia.

Nimelia kwa hasira. Kisha nikaacha kulia. Haya mambo mimi nimeyaanza, nami nitayamaliza, hata kwa njia mbaya.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepata!

Nilikuwa natazama ndevu. Leo kaka kaja kuzungumza habari za paa la kanisa, na alipoinama kunywa, ndevu zikaingia kwenye kikombe kabla ya mdomo. Nikakumbuka babu na yule mtoto wa Burgundi. Mateka, mchafu, hana baba wala mama. Alikimbia katikati ya ukumbi akamshika babu ndevu mbele ya mashahidi. Na babu hakumtoa mkono. Basi! Mtoto akawa wake, akapewa shamba, akazikwa na sisi. Ndivyo ilivyo desturi: ukiuacha mkono wa mtoto kwenye ndevu zako mbele ya watu, umemkubali. Ukiutoa, hujamkubali. Stori hii kaka huisimulia mwenyewe akilewa, na machozi humtoka.

Shida ni moja. Mtoto wa miezi saba hashiki unachotaka ashike. Anashika anachotaka yeye.

Kwa hiyo tutamfundisha kutaka.

Ermina anasema nimeingiwa na wazimu. Nimemwambia afunge mizigo basi. Akasema hapana, tuanze lini?

Jumamosi, 9 Mei

Mwenye ndevu ndefu katika nyumba yangu ni mmoja, Audo mtunza bustani. Nimemwita nikampaka asali kidevuni.

"Mama mkuu, hii ni adhabu ya dhambi gani?"

"Utachagua mwenyewe, Audo. Kaa chini."

Mtoto akamkodolea macho. Akanusa. Akatumbukiza mkono mzima, akautia mdomoni. Akacheka kwa sauti. Akavuta tena! Audo akalia, Ermina akacheka — mara ya kwanza tangu Adalrik afe, nadhani.

Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Shule imefunguliwa.

Jumanne, 12 Mei

Mwanafunzi anaendelea vizuri kuliko watawa wangu. Sasa akimwona Audo kwa mbali anainua mikono yote miwili na kupiga kelele. Jana alimkimbilia, yaani alimtambalia, uani kote, bata bukini wakimfuata.

Audo analalamika. Kidevu kimemvimba, na nyuki wamempenda. Anatembea na wingu lake mwenyewe. Dada Berta mwenye funguo za ghala naye analalamika: asali inakwenda wapi, mama? Nikasema inakwenda kwa Mungu kwa njia ndefu.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Mtoto anashika ndevu zozote. Padre Ursio alipita kunisalimia, mtoto akamrukia. Padre akaguta. Sikumsaidia haraka.

Ijumaa, 15 Mei

Hatari! Damu imenipanda hadi masikioni.

Asubuhi kaka kaniambia anachoka na hizi ndevu. Zinaingia kwenye supu, zinabanwa na milango. Amefika kwao, nadhiri imekwisha, kesho anaita wembe.

Wembe! Na mimi nimemlea mwanafunzi!

"Kaka," nikasema, na sijui maneno yalitoka wapi, "nadhiri ya ndevu haifunguliwi hivi hivi. Inafunguliwa siku ya Kupaa, baada ya karamu, kwa baraka za padre. La sivyo kidevu kinaoza."

"Nani kasema?"

"Kanisa."

Alinitazama kwa yale macho yake madogo. Huyu mtu alinijua nikiwa na miaka minne nikiiba mayai. Akaita Padre Ursio.

Nilimwahi padre mlangoni. Nikamwambia kwa upole kwamba lile paja la nguruwe linaonekana vizuri sana dirishani kwake, na askofu atapita hapa mwezi ujao, na askofu ni mtu wa kuuliza maswali kuhusu nyama na ubatizo. Padre akaingia akasema kwamba ndiyo, kidevu kinaoza. Tena alimjua mtu. Akaeleza kilivyooza! Kipaji kweli anacho, kimepotelea kwenye ibada tu.

Kaka akagugumia, akaziacha.

Jumapili, 17 Mei

Kaka na mtoto wamekutana. Si kwa mpango wangu, naapa.

Kaka alikuwa anapita bustanini na Ermina alikuwa ananyonyesha chini ya ukuta. Nikawaona kutoka dirishani. Ermina akasimama, akainamisha kichwa, akamgeuza mtoto upande wa pili ili asimwudhi. Kaka akapita. Akarudi hatua moja. Akasimama hapo, amewapa mgongo nusu, anajifanya anatazama vitunguu.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula, baba."

"Adalrik alikuwa hali. Mama yake alikuwa anamfuata na kijiko uani kote."

Kisha akaenda zake, haraka. Hakumtazama mtoto usoni. Mimi nimebaki dirishani. Nilidhani ni hasira inayomfunga. Sasa naona ni woga. Anaogopa kuiona ile pua.

Jumatano, 20 Mei

Kesho. Ukumbi umefagiwa. Gundulf ameunoa mkasi mwenyewe, mara tatu. Watawa wawili wa kiume wamefika kutoka msituni kumchukua mtoto; wanyonge, wapole, wameleta blanketi dogo. Blanketi hilo limenivunja moyo kuliko mkasi.

Mizigo ya Ermina iko mlangoni.

Asali iliyobaki nimeiokea mkate. Kaka tangu utotoni hali mkate wa asali, anajipaka.

Alhamisi, 21 Mei. Kupaa kwa Bwana

Naandika kwenye chumba cha mikate nyuma ya ukumbi, nimesimama, wino nimeuweka juu ya pipa. Siwezi kungoja jioni. Hata kama naweza, sitaki.

Misa, kisha karamu. Watu wote wa Walmar wamejaa, na majirani, na wale watawa wawili na blanketi lao. Nikamwekea kaka mkate wa asali mbele. Akala kipande kimoja, viwili, vinne. Ndevu zikang'aa! Nyuki mmoja akaingia kwa dirisha. Nikamwomba Mungu amtoe, akamtoa.

Gundulf akasimama na kuuweka mkasi mezani, mbele ya baba yake. Akasema wakati umefika. Ermina akaja na mtoto. Alitembea wima, uso mweupe. Nilimwambia amlete karibu tu, asifanye lolote. Karibu tu.

Kaka akauchukua mkasi. Akatazama chini, kwenye meza. Kwa ndani nilikuwa napiga kelele: mtazame! Mtazame tu!

Mtoto ndiye aliyemtazama. Akanusa. Nikaona macho yake yakipanuka kama aliyemwona Audo kwa mbali. Akainua mikono yote miwili — akapiga ukelele wa furaha, ukumbi mzima ukageuka — na akaruka. Kweli aliruka, Ermina alikaribia kumwangusha! Akazikamata ndevu za bwana wa Walmar kwa ngumi mbili, akazitia mdomoni.

Mkasi ukaanguka mezani.

Sasa atamtoa mkono. Sasa. Nilihesabu moyoni, nikasahau kuhesabu. Kaka alikaa tu. Alikuwa amemwona hatimaye, pua kwa pua, na zile pua mbili zilikuwa ni moja, kila mtu aliona.

"Baba, mtoe mkono!" Gundulf akasema.

Kaka akaendelea kumtazama mtoto.

"Baba, ni mtoto mchanga, hajui anachofanya. Hii haihesabiki!"

"Nyamaza, utamshtua," kaka akasema. Hayo tu! Utamshtua! Hakusema ni wangu. Hakusema si wangu. Akamchukua kwa Ermina ili ndevu zisimkatike, akampakata. Mtoto akanyonya asali mpaka akachoka, akalala. Kalala na ngumi zote mbili ndani.

Na hapo ndipo tulipo mpaka sasa. Kaka hasogei. Supu imeganda. Watu hawajui kama wakae au waondoke. Mashahidi wananong'onezana, wengine wanasema imekwisha, huyo ni wake, wengine wanasema mpaka aamke. Wale watawa wawili wamelikunja blanketi, wamelikunjua, wamelikunja tena. Gundulf anazunguka nyuma ya kiti cha baba yake kama mbwa aliyefungiwa nje. Alipounyooshea mkasi mkono, mkasi haukuwapo.

Mkasi ninao mimi. Uko kwenye mkono wa joho langu. Niliukwapua wakati wote wanamtazama mtoto. Bila mkasi hakuna kunyoa, nilifikiri. Tena niliona fahari.

Lakini sasa ninavyoandika nimekumbuka jambo. Kwetu mkasi una kazi mbili. Ukimnyoa mtoto utosi, umemtoa kwako, ni mtawa. Lakini ukimkata kishungi kimoja cha mbele, kwa mkono wako, mbele ya watu, umemfanya mwanao na hakuna wa kumtoa tena. Na kaka mkasi alikuwa ameushika kwa kazi ipi kati ya hizo? Sikuangalia! Mimi ninayeangalia kila kitu!

Ngoja. Ananiita. Si kwa ukali, ananiita kwa ile sauti ya kunong'ona ya mtu aliyepakata mtoto, lakini ukumbi umenyamaza kiasi kwamba nasikia kila neno.

"Rotlindi. Rotlindi, mwizi wa mayai wewe. Rudisha mkasi wangu."

Mungu wangu.

"Na ulete asali. Anaamka."

Asali! Chungu kizima kimeishia kwenye ndevu za Audo! Kipo cha Padre Ursio, najua anapokificha, nyuma ya lile paja la nguruwe — nakwenda, nakimbia, mama mkuu mzima na mkasi mkononi, na huku nyuma nasikia Teudebert ameanza kulia, na sauti nzito inambembeleza kwa jina lao wote wawili.